Shajara ya mradi: michezo ya Kiingereza, darasa la nne, Mwanza

Januari 20

Leo nimeanza rasmi mradi wangu wa kufundisha Kiingereza kwa michezo. Nafundisha Kiingereza darasa la nne, mkondo B, kwenye shule ya msingi iliyopanda kilimani, si mbali na mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi ya uvuvi ya Ziwa Viktoria inaposhusha mzigo. Watoto ni 94 ndani ya chumba kimoja. Dawati la watatu linakaliwa na wanne, na yule wa pembeni anaandika huku mguu mmoja uko njiani.

Asubuhi, kabla sijawaambia lolote juu ya mradi, niliwapima kidogo. Niliingia, wakasimama wote kama kawaida: "Good morning, teacher!" Nikaitikia. Kisha nikauliza kwa sauti ile ile ya salamu: "Where is your pen?" Darasa zima likajibu kwa nguvu na kwa furaha: "We are fine, thank you, teacher!" Nikauliza tena, polepole, "Where is your pen?" nikainua kalamu yangu juu. Wakarudia: "We are fine, thank you, teacher!" Binti mmoja wa dawati la mbele ndiye aliyeshtuka. Akanyamaza, akatazama kalamu yangu, kisha akaitazama yake.

Naomba anayesoma hapa asiwacheke. Watoto walifundishwa wimbo, na wimbo wameuimba vizuri. Hakuna aliyewahi kuwauliza kitu ambacho jibu lake lilikuwa halijulikani tayari.

Kilichonisukuma ni binti niliyemfundisha mwenyewe, sasa yuko kidato cha kwanza. Mwaka jana nilikutana naye ndani ya daladala ya Igoma. "Shikamoo mwalimu." Marahaba mwanangu, shule inaendaje? Akainamisha kichwa. "Kule nakaa kimya tu, mwalimu." Huyu alikuwa mtoto wa kunyoosha mkono kila dakika. Katika shule zetu za serikali anasoma kila kitu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengine, halafu ndani ya likizo moja Baiolojia, Jiografia na Hisabati vyote vinageuka Kiingereza. Sentensi ile ya "nakaa kimya tu" imenikaa kifuani tangu siku hiyo.

Mwalimu mkuu amenipa vipindi viwili kwa wiki vya dakika 40 nje ya darasa. Mwalimu wa taaluma ameongeza sharti: azimio la kazi, yaani mpango wa ufundishaji, lifuatwe, daftari ziwe na kazi, na nisisahau kwamba mwisho wa mwaka hawa wana Upimaji wa Kitaifa. Nimekubali yote.

Januari 24

Nimechagua watoto 20 kwa kura, nikaketi na mmoja mmoja chini ya mwembe. Maswali kumi ya mdomo, mepesi: jina, umri, kitu kilicho mkononi mwangu, kilicho nyuma yako, saa ngapi sasa, mama anafanya nini asubuhi. Waliojibu zaidi ya matano walikuwa wawili. Wengi walinitazama mdomoni wakarudia swali lenyewe, neno kwa neno, kwa heshima kubwa. Nimeandika majibu yote. Mwezi wa tano nitawaita hao hao kwa maswali hayo hayo.

Januari 29

Vifaa. Sikutaka mradi unaosubiri fedha. Maboksi nimeomba dukani bure. Vizibo vya soda nimevipata kwa mama wa kioski pale chini, amenijazia mfuko wa rambo. Mipira minne watoto wameishona wenyewe kwa soksi na matambara. Nilichonunua ni maka peni mbili, gundi na manila tano, haikufika shilingi elfu kumi.

Kazi kubwa ilikuwa makundi. Watoto 94 hawawezi kuwa mchezo mmoja. Nimegawa makundi manane, wakayapa majina wenyewe, ya visiwa: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Rubondo, Saanane, Irugwa, Bezi. Kila kundi lina nahodha wa wiki. Nahodha si lazima awe anajua sana, kazi yake ni kuhakikisha kila mtu amepata zamu. Nimewaambia hilo mara tatu, maana bila hivyo wajuzi wawili wanacheza na kumi wanatazama.

Februari 3

Rede, na imeshindikana.

Niliamini sana mchezo huu. Wasichana wote wanaujua, wavulana nao wanaujua ingawa wanajifanya hawaujui. Wawili wanasimama pande mbili na mpira, wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Mimi niliongeza jambo moja tu: wahesabu kwa Kiingereza.

Walicheza kwa moyo wote. Vumbi lilitimka, chupa zikajaa. Nikapita kundi hadi kundi nikisikiliza, na nilichosikia ni "Mpige! Ruka! Siyo hivyo, umeguswa!" na Kisukuma kingi katikati. "One, two, three" ilikuwepo, lakini ilikuwa kama kelele ya pembeni. Hata ukisema "one, two, nine" mchezo unaendelea vilevile. Hakuna aliyepoteza kitu.

Nimekaa nalo jioni nzima. Mchezo umekwenda vizuri na Kiingereza hakikuhitajika hata mara moja. Nilikiweka kama kachumbari pembeni ya sahani, mtu anaweza kula akashiba bila kuigusa.

Februari 6

Nimebadili sheria ya rede. Sasa wa katikati ni wanne kwa pamoja. Mwenye mpira haruhusiwi kurusha kabla hajatoa amri: "Sit down!" "Turn left!" "Touch your knee!" "Stand on one leg!" Wa katikati wanatenda. Aliyetenda sawasawa hapigwi. Aliyekosea, au aliyesita akimtazama mwenzake, huyo ndiye wa kurushiwa mpira. Na mwenye mpira akitoa amri isiyoeleweka, mpira unahamia upande wa pili.

Ghafla pamekuwa na ukimya. Kimya cha watu wanaosikiliza! Sijawahi kukisikia katika vipindi vyangu. Watoto wanne wamejikunja magoti, macho kwa mwenye mpira, masikio yamesimama. "Touch your..." na wote wanasubiri neno la mwisho kwa sababu ndilo litakalowaokoa.

Chuoni tulisomeshwa habari za James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kuanzia miaka ya 1960 alifundisha lugha kwa amri na vitendo: mwanafunzi asikie, atende, wala asilazimishwe kusema kabla hajawa tayari. Niliandika hayo kwenye mtihani, nikafaulu, kisha sikuyatumia. Leo nimeyaona.

Kuna binti aliyehamia Januari kutoka Ukara. Nyumbani wanaongea Kikara, na hata Kiswahili chake bado kinatafuta njia, kwa hiyo darasani amekuwa kama hayupo. Leo alikaa katikati raundi nne bila kuguswa na mpira. Kwenye "turn left" wenzake wawili wa mjini waligeuka kulia, yeye akageuka kushoto. Hakusema neno. Lakini kundi lake limegundua kwamba ana masikio, na kipindi kilipokwisha walikuwa wanamgombania.

Februari 13

Mahudhurio. Leo watoto 17 wamechelewa na wengine sita hawakuja. Tuko kwenye giza. Anayeishi mbali na ziwa pengine hajui: dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Basi siku za giza mzigo unashuka alfajiri, na watoto wanawasaidia mama zao kuanika kabla ya kuja shule. Wanaingia darasani na magamba madogo yanayong'aa mikononi.

Nimeacha kuwafokea wanaochelewa siku hizo. Nimeutazama mwezi kwenye kalenda, na michezo mipya nitaianza mwezi ukiwa mpevu, giza iwe ya kurudia ya zamani. Ni mpango mdogo, ila unamwondolea mtoto aibu ya kufika akakuta wenzake wanajua sheria na yeye hazijui.

Februari 19

Kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana. Hapa ndipo mahali petu pametupendelea, maana hakuna shule yenye maficho kama ya Mwanza. Miamba imejaa uwanjani, mingine ukubwa wa nyumba, mingine kama ng'ombe aliyelala. Nimetaka mchezo utibu makosa matatu ambayo watoto wetu wanayabeba kutoka kwenye lugha yao wenyewe, wala si kwa uzembe.

La kwanza ni "he" na "she". Kwetu ni yeye tu, awe mjomba au shangazi. La pili ni mpangilio: tunasema samaki mkubwa, kwa hiyo mtoto anaandika "fish big" na haoni ubaya. La tatu ni hii "-ni" yetu, inayobeba kila kitu: mezani, ziwani, mlangoni. Kiingereza kinadai achague kati ya "on", "in" na "at".

Sheria: anayelinda kopo akimwona aliyejificha, hamtaji jina. Anasema, kwa mfano, "She is behind the big rock." Akisema "he" kwa msichana, yule msichana hajakamatwa, anabaki palepale. Akisema "rock big" hajakamatwa. Akisema "on" na mtu yuko "under", hajakamatwa. Na mwamuzi ni aliyejificha mwenyewe!

Nilisimama karibu na mwamba mmoja uliopasuka katikati. Ndani ya ufa kulikuwa na msichana amejibanza, naona sare yake ya buluu. Mlinzi, kijana mrefu wa kundi la Rubondo, alimwona wazi kabisa. "He is..." Msichana hakutikisika. "Teacher, nimemuona!" Nikakaa kimya. Akavuta pumzi. "He is... aah. She! She is in the... she is between the big rocks!" Msichana akatoka akijipangusa vumbi, akasema kwa sauti ya mwalimu kabisa, "Yes." Yule kijana ameifukuza "he" mwenyewe, mbele ya macho yangu. Mimi nimeisahihisha "he" hiyo kwa wino mwekundu kwa miaka saba.

Februari 20

Mtoto mmoja amechubuka goti kwenye mwamba. Limeoshwa, limefungwa, mama yake ameelezwa. Kuanzia sasa hakuna kupanda juu ya jiwe lolote, maficho ni ya chini tu. "On" tutaifundisha kwa vitu, si kwa watoto.

Machi 4

Mwalimu mwenzangu wa chumba cha jirani, mkubwa wangu kiumri na kikazi, amenifuata ofisini. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Binti yangu, ninafundisha Hisabati, mada ya sehemu, watoto wangu wanachungulia dirishani." Ana haki. Nimejisahau kwamba furaha ya darasa langu ni usumbufu wa darasa lake. Tumelinganisha ratiba: siku tunazogongana, tunacheza michezo ya kunong'ona. Mtoto wa kwanza wa mstari anapewa sentensi sikioni, inapita hadi wa mwisho, naye anaichora ubaoni, haandiki. "The cat is under the red chair" imefika mwisho ikiwa paka juu ya meza. Tumerudi mstarini kutafuta ni wapi ilipotea, na hiyo safari ya kurudi ndiyo iliyofundisha zaidi.

Machi 11

Mama mmoja amekuja. Anauza dagaa mwaloni, alikuwa bado na ndoo yake. "Mwalimu, samahani. Mwanangu akirudi namuuliza mmesoma nini Kiingereza, anasema tumecheza. Mimi nimemleta asome."

Sikutaka kumjibu kwa maneno makubwa. Nimemwomba abaki dakika 40.

Bahati nzuri leo ilikuwa siku ya mchezo wa soko. Wiki iliyopita soko lilikufa kama rede ilivyokufa: muuzaji amepanga picha za bidhaa, mnunuzi ana vizibo vya kulipia, wanakutana, mnunuzi ananyoosha kidole, analipa, anaondoka. Bubu kwa bubu. Leo nimefunga kamba kati ya madawati mawili na kutundika kanga. Muuzaji upande huu, mnunuzi upande ule, hawaonani. Muuzaji ana bei zake kwenye karatasi, anazijua yeye tu. Mnunuzi ana picha za anachotaka na vizibo 20. Kidole hakisaidii kitu mbele ya kanga.

"Good morning. Do you have tomatoes?" "Yes." "How much?" "Three... three for five." "Five? No! Too much." Hili la "too much" sikulifundisha siku hiyo, limetoka kwenye rede ya amri ambako walilisikia kwangu nikilalamikia kelele. Watoto wa mwaloni wamezaliwa ndani ya kupatana bei, hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuguna.

Mama yule alisimama mlangoni. Mwanawe alikuwa nyuma ya kanga, akiuza, hakujua mama yupo. Alipouza sado la mchele kwa vizibo nane baada ya kukataa sita na saba, mama alicheka kwa sauti, mtoto akachungulia, akaona. Kabla hajaondoka mama ameniambia, "Kumbe ni hivi," kisha akaniuliza dagaa kwa Kiingereza ni nini.

Swali zuri, na watoto walikuwa wameshaniuliza. Sangara ni "Nile perch", na jina hilo linasimulia historia: si wa ziwa hili kwa asili, aliletwa miaka ya 1950. Sato ni "tilapia". Dagaa, vitabu vingine vya shule vinamwita "sardine", lakini sardini ni wa baharini, si huyu wetu. Hata watafiti wa ziwa wanapoandika Kiingereza humwita dagaa. Nimewaambia watoto: hili neno ni letu na Kiingereza kimeliazima, semeni "dagaa" bila wasiwasi. Walinyooka migongo.

Machi 20

Mvua, siku ya tatu mfululizo. Bati linapiga, sauti yangu haifiki hata dawati la nne. Bingo. Kila mtoto amechora vyumba tisa vya maneno, neno likisomwa analifunika kwa punje ya mahindi. Kwa kuwa hawanisikii, nahodha wa kila kundi ndiye anayesoma maneno, na mimi nazunguka.

Nimetumia maneno ya "r" na "l": "rice" na "lice", "road" na "load", "right" na "light", "rock" na "lock". Wengi wetu tuliolelewa kwa Kisukuma ulimi haukuzoea kuzitenganisha, na siyo aibu. Mimi pia nilijifunza ukubwani, mbele ya kioo. Nimewaonyesha kwa mkono: hiki kiganja cha juu ni paa la mdomo, hiki cha chini ni ulimi. Kwenye "l" ncha inagusa nyuma ya meno na kukaa. Kwenye "r" ya Kiingereza ulimi unarudi nyuma, haugusi popote.

Uzuri wa bingo ni kwamba msomaji akichanganya, wenzake wanafunika chumba kisichostahili, na mtu anapodai ameshinda ugomvi unazuka. "Ulisema chawa!" "Nilisema mchele!" Ugomvi huo, kwa Kiswahili, nauruhusu. Wanabishana kuhusu sauti za Kiingereza kwa ukali ambao wavulana wengine wanauweka kwenye Simba na Yanga.

Aprili 15

Saa. Hii nimeiogopa tangu Januari. Katika wale 20, swali la "What time is it?" hakuna aliyelipata, na nane walijibu kwa ujasiri jibu ambalo kwao ni kweli kabisa: ilikuwa saa nne, wakasema "four o'clock".

Watoto hawajakosea kuhesabu. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka. Tuko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, ina mantiki yake. Kiingereza kinaanza kuhesabu kwenye usiku wa manane na adhuhuri. Ukimfundisha mtoto "saa moja ni seven" kama orodha ya kukariri, anakariri leo, kesho anachanganya. Nimefanya hivyo miaka yote.

Tumeokota mawe 12, tukayapaka chokaa, tukayapanga duara uwanjani, kubwa kiasi cha hatua kumi kutoka upande hadi upande. Kila jiwe lina namba. Mtoto mmoja mshale mfupi, mwingine mshale mrefu, na kamba zao zimefungwa kwenye kigingi cha katikati.

Nilianza kwa kutaja saa kwa Kiswahili, mshale mfupi ukimbilie jiwe. "Saa moja!" Mtoto akakimbilia jiwe la moja. Nikamwambia, sawa, hapo ni kwa Kiswahili, sasa nenda pa Kiingereza. Akasimama. Wenzake wakaanza kumpigia kelele za namba mbalimbali. Hapo kijana mmoja wa kundi la Kome, mtoto ambaye kaka yake ana kibanda cha kuchaji simu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, si avuke tu?"

Avuke vipi?

"Aende ng'ambo. Kwenye simu imeandikwa saba, sisi tunasema saa moja. Moja na saba wanatazamana." Akaingia kwenye duara, akasimama kwenye moja, akanyoosha kidole mbele yake moja kwa moja: saba. Akaenda kwenye mbili, akanyoosha kidole: nane. Tatu: tisa. Kumi na mbili: sita.

Nimekuwa mwalimu miaka hii yote na sikuwahi kuliona kwa macho. Tofauti ni saa sita, na saa sita ndiyo nusu ya duara, kwa hiyo kila saa ya Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza wanakaa uso kwa uso. Mtoto wa darasa la nne amelitoa kwenye simu za wateja wa kaka yake.

Baada ya hapo sikufundisha tena, nilitaja saa tu. Wakautunga mchezo wenyewe, wanauita "vuka". Kundi moja linataja saa kwa Kiswahili, mshale mfupi wa kundi jingine unavuka duara mbio na kusema kwa Kiingereza kabla hawajahesabu hadi tano. Walipofika kwenye "saa mbili na nusu" kulikuwa na mabishano: je, mshale mrefu nao uvuke? Wakajaribu. Ukivuka, nusu inakuwa kamili, imeharibika. Basi mrefu unabaki, mfupi ndio unaosafiri. Dakika ni zile zile kwa watu wote duniani, alisema binti mmoja, na nimeona niandike maneno yake hapa kama alivyoyasema.

Aprili 24

Duara la saa limekuwa kijiwe. Mapumziko ya saa nne watoto wa darasa la pili na la tatu wanacheza vuka bila mimi. Mwalimu wa zamu ameanza kumtuma mtoto kwenda kupiga kengele kwa Kiingereza: "Ring the bell at twenty past ten." Hilo sikumwomba.

Siku za juma nilitaka kuzifanya kwa namna hiyo hiyo, zimekuwa ngumu zaidi. Jumatatu ina tatu ndani yake na Jumatano ina tano, lakini Alhamisi nayo ni ya tano, ila kwa Kiarabu. Juma letu lina tano mbili! Nimeona nisiwaingize huko bado.

Mei 20

Nimerudi chini ya mwembe na wale 20. Wamebaki 19, mmoja amemfuata baba yake kwenye kambi ya uvuvi kisiwani na sijapata habari kama ameandikishwa shule huko. Nimemwomba jirani yao anipelekee ujumbe.

Maswali yale yale. Januari waliovuka matano walikuwa wawili, sasa ni 12. Swali la saa, 15 wamelipata. "He" na "she" wanakosea bado wakiongea haraka, lakini zaidi ya nusu wanajirudi wenyewe katikati ya sentensi. Hakuna hata mmoja aliyenirudishia swali langu neno kwa neno.

Binti aliyehamia kutoka Ukara amejibu sita. Kwa swali la mama anafanya nini asubuhi alikaa kimya muda mrefu, nikadhani ameshindwa, nikataka kumsaidia. Nikajizuia. Akasema, "She puts dagaa on the sand." Nimeiandika sentensi hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mihula yote.

Kuandika, hali ni tofauti. Imla ya wiki jana haikuwa nzuri. Wanaoweza kusema "behind the big rock" wanaandika "bihaindi the bigi roki", kwa sababu wanaandika wanachosikia, kama Kiswahili kinavyowaruhusu. Mwalimu wa taaluma amenionyesha daftari tatu bila kusema mengi. Upimaji wa mwisho wa mwaka ni wa kuandika, na ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Michezo yangu yote imekuwa ya sikio na mdomo. Nilikuwa naikimbia tahajia.

Mei 27

Wiki hii wanamichezo wetu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, wako mazoezini, darasa limepungua, nimepata muda wa kujaribu. Mdako. Shimo dogo, kete 12, unarusha moja juu, unatoa nyingine shimoni kabla ile haijaanguka. Nimeandika herufi kwenye vizibo badala ya kete za mawe. Unachotoa ndicho unachojengea neno, na neno likiandikwa kama linavyosikika badala ya linavyoandikwa, vizibo vinarudi shimoni. Neno la kwanza lilikuwa "rock", na wachezaji wote wanne walisahau "c". La pili "knee". Hakuna aliyeamini kwamba kuna "k" hapo mwanzo. Wamenitaka niape.

Vizibo vinateleza sana mkononi, haviruki vizuri kama kokoto. Kesho nitajaribu kokoto za ziwani zilizopakwa chokaa na kuandikwa kwa maka. Mama wa dagaa amesema atamtuma mwanawe na ndoo nzima. Pia mawe mawili ya saa, la nne na la tano, yamesogezwa na mafundi wanaojenga choo, tuyarudishe kabla darasa la pili hawajatoka mapumziko.